Afande Akubali Kuchorwa

Shikamoo Mama!

Uliniuliza shahada ya sanaa tunasoma nini hasa. Leo somo letu lilikuwa kuchora watu, hapa sokoni Jinja. Nikamchagua askari polisi aliyekuwa anakula chapati ya mayai. Akaniona!

"Wewe! Nani alipea wewe ruhusa?"

Nikampa karatasi. Akaitazama, akaangua kicheko. "Hii tumbo ni yangu kabisa! Chora tena, mimi nakaa."

Basi akakaa, kifua mbele, darasa zima tukamzunguka. Kisha akaniomba picha zote mbili ampelekee mama yake Mbale. Nikampa, Mama! Sasa sina cha kumwonyesha mwalimu, na bado nacheka peke yangu.

Nakubusu mikono yote miwili.

Zainabu wako