Alama za Vidole Vyako Mkononi mwa Bibi

Mpendwa babu,

Shikamoo. Bahasha ya barua hii sikuibandika gundi, na si kwa kusahau. Nilikusema mbele ya watu, kwa hiyo kabla haijakufikia huko Matombo itasomwa Jumapili nje ya kanisa, watu wakitoka misa. Mjomba, kaka yake bibi, ndiye atakayesoma, nami nitakuwa nimesimama karibu naye.

Unakumbuka bibi alipoanguka na tenga la kabichi? Mlimbeba kwa machela hadi barabarani, wewe ukitembea ubavuni umemshika unyayo, jasho linakutiririka. Ukasema, "Mwanamke huyu mzito, sijui anakula nini." Bibi, macho yamefumbwa, midomo imekauka, akajibu, "Nilikula mahari yako." Wabebaji nusura waangushe machela kwa kucheka. Mimi nililia, maana nilijua kama bado anakujibu, hafi.

Hospitalini mjini walituambia donge la damu limeziba mshipa wa moyo. Siku ya kuruhusiwa alipewa vidonge vya kuifanya damu isigande ovyo. Muuguzi wa dirisha la dawa aliangalia watu wote tuliokuwa pale, akaniita mimi kwa kuwa nilivaa sare ya shule. Nitalirudia dirisha hilo, babu. Aibu yangu ilianzia hapo.

Nyumbani ulijifunza kupika uji. Kila asubuhi ulimpelekea bibi kidonge kwenye kiganja chako na kumwambia, "Meza, bi mkubwa, usiniachie huyu mke mdogo, hajui hata kuchambua mchicha." Bibi akanigeukia mimi: "Umesikia, mke mwenza? Mume wetu ana maneno." Sikuwahi kuwa na furaha kuliko asubuhi zile.

Kisha siku moja nikawa namsugua bibi mgongo bafuni, nikaona mkono wake. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi, alama nne upande wa nje na moja upande wa ndani, nyeusi, kingo zake zikianza kuwa kijani. Ulikuwa mkono wa mtu kabisa. Pajani kulikuwa na doa jingine, kubwa kama sahani ya chai.

"Bibi, nani kakufanya hivi?"

"La pajani sijui, limetokea tu. Hapa mkononi, babu yako alinishika nilipoteleza kwenye ngazi za shamba. Hebu mwaga maji, nasikia baridi."

Sikumwamini. Mwalimu wetu wa siasa alikuwa ametufundisha kwamba mwanamke anayepigwa huficha, na kwamba mume anayempiga mkewe ni mnyonyaji kama mnyonyaji mwingine. Naye mwalimu wa sayansi alitufundisha tusikubali jambo kabla ya kulijaribu. Basi nikafanya jaribio. Nilijibana mkono wangu wa kushoto kwa nguvu zangu zote, nikahesabu hadi mia. Asubuhi nikautazama kwenye mwanga wa dirisha. Haukuwa na alama yoyote. Nikaandika matokeo kwenye daftari langu, na chini yake nikapiga mstari kwa rula.

Daftari hilo nilimpelekea mjomba. Nilijua ninachokifanya. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na wewe ulikuja kuishi kwenye ardhi ya bibi. Kaka yake akisema uondoke, utaondoka.

Mjomba akawakusanya watu uani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na majirani, nadhani kama ishirini. Niliitwa nisimame. Nilisimama wima kama tunavyofundishwa kusimama darasani, nikasema neno "unyonyaji", nikaeleza jaribio langu. Nilisema pia kwamba siku moja ulimwambia bibi, "Nitakutandika leo." Kila mtu pale alijua utani wenu, babu, na mimi niliujua kuliko wote, maana siku hiyo nilicheka. Kwamba nilicheka sikusema.

Bibi alijaribu. "Alinishika nisianguke. Mbona hamsikii?"

"Dada," mjomba akamjibu, "kumshika mtu hakumwachii alama. Hata mtoto amejaribu."

Wakakutazama wewe. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Ulisema tu, "Kushika nilimshika, sikatai. Mtoto amesema alichokiona." Asubuhi yake ukavuka mlima kwenda kwa ndugu wa mama yako. Hukunitazama. Au pengine ulinitazama, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mlango.

Wiki ya pili baada ya wewe kuondoka, bibi aliamka na damu kwenye ufizi. Mgongoni palikuwa na doa jipya, na bega zima limekuwa kama zambarau. Hakuna aliyemgusa. Hukuwepo. Tulipomfikisha hospitalini mganga alimpima damu, akasema imekuwa nyepesi kupita kiasi, na kwamba tungechelewa siku chache tu tungempoteza. Akapunguza vidonge. Halafu akauliza, bila ukali, "Siku ya kwanza hamkuelezwa? Mtu anayemeza dawa hii akishikwa kidogo tu huvilia damu. Alama zikizidi au zikitokea bila sababu, mnamrudisha haraka."

Mjomba akasema hatukuelezwa. Nami nikanyamaza.

Babu, tulielezwa. Nilielezwa mimi. Yule muuguzi aliniambia mambo matatu. La kwanza, kidonge kimoja kila siku kwa saa ileile. La pili, asichanganye na dawa nyingine. Alipoanza la tatu, watu walikuwa wamejipanga nyuma yangu, na nilitaka waone kwamba mwanafunzi haelezwi mara mbili. Nikasema, "Ndiyo, dada, nimeelewa," kabla hajamaliza. Alimaliza hata hivyo. Nilisikia neno "damu" na neno "alama", nikaitikia kwa kichwa, nikapokea vidonge kwa mikono miwili kwa adabu. Kama ningesikiliza, siku ile ya bafuni ningekimbia kukuita wewe tumpeleke bibi hospitali. Badala yake nilikimbia kukushtaki.

Na kuna baya zaidi. Baada ya kurudi kutoka kwa yule mganga nilikaa siku nane bila kumwambia mtu. Niliosha vyombo, nikafanya hesabu zangu, nikapata sifa darasani. Kila nikipita mlangoni nililiona jembe lako limeegemea ukuta pale ulipoliacha. Siku ya tisa nilimfuata mjomba shambani, nikamwambia yote huku analima. Aliendelea hadi mwisho wa tuta, ndipo akainuka.

"Mimi ndiye niliyemfukuza," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Lakini wewe ulisema mbele ya watu ishirini. Huwezi kuyafuta kwa sikio langu moja."

Ndiyo maana naandika. Wote watakaosikia Jumapili wajue: babu yangu hakumpiga bibi. Alama zile zilikuwa za mkono uliomzuia asiporomoke kwenye ngazi za shamba, na zilibaki kwa sababu ya dawa. Jaribio langu nililifanya kwenye mkono wangu, wa mtoto asiyemeza kidonge chochote. Aliyeelezwa akajifanya ameelewa ni mimi.

Sikuombi unisamehe haraka. Mjomba atakuletea barua hii mwenyewe, kwa miguu, na ana maneno yake ya kukuambia. Bibi amesema nikuandikie kwamba vidonge anameza, ila uji wa mke mwenza una mabonge.

Jambo la mwisho. Jana tulikuwa tunashuka kutoka shambani, nami nilimshika bibi taratibu mno, kama mtu anayeshika yai, kwa kuogopa kumwachia alama. Kwenye ngazi ya tatu akateleza. Sikufikiri, nilimkamata kwa nguvu zangu zote. Leo asubuhi amekunja mkono wa gauni lake akanionyesha. Ni vidole vyangu vyote vitano, babu. Ni vidogo kuliko vyako.

Bibi akanitazama, akaniuliza, "Haya, na wewe tukufukuze?"

Jembe lako lipo palepale. Nimelipangusa tu, sijalihamisha.

Ni mimi mjukuu wako,
ambaye ulikuwa ukimwita mke mdogo.