Hamu na Chemchemi ya Kusahau

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Maskati, nawe uko kaburini Unguja. Mwaka huu wa 1970 sisi wenye asili ya huku tumeruhusiwa kuja, na watu wananiambia nimerudi kwetu. Nimerudije mahali nisipowahi kufika? Mume wangu akishatoka kwenda kazini, sina wa kusema naye Kiswahili mpaka arejee.

Leo nimewakumbuka Wathrakia wako. Skuli ulisomesha tarehe, historia ya dunia nzima, lakini hao watu wa kale wa kaskazini ya Uyunani ulituletea nyumbani, wakati wa kula. Walikuwa na dini ya siri: roho imefungwa mwilini, na anayetaka kuitakasa asile nyama wala kunde. Mama akipakua kunde za nazi, ulisema, "Wathrakia wangeniona leo!" ukasogeza sahani uongezewe. Mama naye, "Astaghfirullahi, mwalimu, mtoto anakusikia!"

Lililonikaa ni lile la chemchemi mbili. Waliamini maiti hufika kuzimu ana kiu kali, na chemchemi ya kwanza anayoikuta ni ya kusahau. Asinywe, avumilie mpaka aifikie ya kumbukumbu. "Imani yetu siyo hiyo," ulisema, "lakini kiu hiyo nnaijua." Ulikuwa umetoka kumzika kaka yako.

Juzi jirani yangu, bibi wa Kiarabu, alinikuta mlangoni nalia. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nilitaka kumwambia nina hamu na baba yangu, na neno hamu nikaliacha vilevile, maana si limetoka kwao? Kumbe kwao hamu ni dhiki, mzigo wa moyo. Maskini, alikwenda mbio akarudi na tende, kahawa na gilasi ya maji, akainua mikono: "Allah yishil hammish." Mungu akuondolee hamu yako.

Alingoja niitikie amin. Nilishindwa, baba. Sauti yako imeanza kunipotea. Ile ya kunde bado naisikia, nyengine naitafuta siipati, na naogopa. Hamu ikiondoka, nitabaki na nini chako?

Tende nilikula, kahawa nilikunywa. Maji niliyaacha, na kiu nilikuwa nayo.

Lala kwa amani, baba.

Mwanao, mwenye hamu nawe kwa Kiswahili na kwa Kiarabu