Neno Nililolinyamazia Mlangoni kwa Bibi Paulina

Tata,

Asubuhi hii nimepalilia kaburi lako, baba yangu. Kahawa uliyopanda upande wa barabara imeanza kuiva. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukwambia ukiwa hai, nikaliahirisha kila Jumapili mpaka ukaondoka.

Ni habari ya Bibi Paulina. Surua ilikuwa imewachukua watoto watatu hapa kijijini, na Rwegasira, aliyezika wanawe wawili, akasema ni mjane yule aliyewaroga. Siku ile watu walipotoka shamba la ujamaa hawakurudi makwao. Walikwenda kwake na mapanga yale yale ya kazi, nami nikafuata nyuma.

Wewe, katekista wetu, ulikuwa umeshafika. Ulikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, mikono mitupu. Mimi nilikuwa mwalimu, tena katibu wa kamati ya kijiji, wangenisikiliza. Uliniita mbele ya wote: "Mwalimu, waambie."

Nikatazama chini. Nikasema, "Tata, twende nyumbani. Haya si yetu."

Ulianza kusali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa sauti, polepole, kama ulivyowafundisha watoto wa komunyo. Rwegasira alikuwa akipiga kelele, "Ondoka hapo, mzee!" Ulipofika kwenye ufufuko wa miili sauti ilikukatika. Ukarudia. Wakafyeka migomba yake yote, lakini nyumba hawakuigusa, na yeye hawakumgusa.

Jioni uliniambia maneno machache tu: "Shetani ameshashindwa, mwanangu. Zile ni kelele za anayefukuzwa. Usimwogope."

Afadhali ungenigombeza. Nikaanza kukukwepa. Nilipokwenda Muleba kwa kazi za kamati nililala huko hata siku ambazo basi lilikuwepo. Ulipougua nilikuwa Bukoba kwenye mafunzo ya walimu. Habari ilinifikia Jumanne, nikasema nimalize juma kwanza. Ijumaa ukafa. Tata, ningepanda basi siku ile ile. Ningepanda tu.

Sasa sikia yaliyotokea. Matanga yako yalipokwisha, Rwegasira alikwenda kwa Bibi Paulina amebeba machipukizi ya migomba kichwani. Alisimama uani akalia. Kisha akachukua jembe akaanza kuchimba mashimo. Nilipita na baiskeli nikamwona, nikaendelea na safari. Yule niliyemhesabu kuwa mbaya kuliko wote alinitangulia kutubu.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Nilipiga magoti pale pale ulipokaa, nikamwambia Bibi yote.

"Nilikuona ulivyoogopa," akasema. "Na mimi niliogopa. Hata baba yako aliogopa, miguu ilikuwa inamtetemeka. Inuka, uje ule."

Akanipakulia ndizi na maharage. Nilikula huku nalia.

Sikujua kwamba uliogopa, Tata. Miaka yote nilidhani imani ni kitu ulichopewa wewe, mimi nikanyimwa. Kumbe ulitetemeka na bado ukakaa. Laiti ningekuuliza.

Sitakudanganya, ubaya bado unatembea hapa kijijini. Wapo wasiotaka kuchota maji pamoja na Bibi. Lakini nimemwona Rwegasira akifukia mizizi ya ile migomba kwa mikono yake, na tangu hapo naamini kwamba Mungu ndiye atakayesema neno la mwisho, hata sisi wengine tukinyamaza.

Bibi amezeeka sana. Ukoo wa marehemu mumewe umekataa azikwe kwenye kibanja chao, shamba la ukoo, na hilo linamsumbua kuliko njaa. Nimezungumza na ndugu zangu, wamekubali: atalala kwetu, kando yako. Nakuahidi nitachimba kaburi lile mwenyewe, na msalaba wake nitauandika jina lake lote, wala sitajali nani anatazama.

Nisamehe, Tata. Pumzika. Siku Bwana atakapoita, yeye na wewe mtainuka mkiwa majirani.

Mwanao,
Mutalemwa