Baba wa Neema kwenye Fomu ya Ukoo

Buffalo, Jumapili, Machi 2015

Eti fomu ya ukoo ni dakika kumi tu! Dada Carol wa kanisani alikuja na kitabu cha wazee wake, wale Wamormoni wa kwanza waliovuka Marekani kwa miguu wakivuta mikokoteni. Kila mmoja ana tarehe yake, hata mtoto mchanga aliyefia njiani. Kwangu hapa sote tumezaliwa Januari mosi, kwa sababu karani wa kambi ya wakimbizi alichoka kuuliza.

Hilo nililicheka. Kilichonikera ni alipofika kwenye jina la Neema.

"Baba yake ni wewe, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Kaka yangu alipofariki kambini nilimwandikisha Neema kama mwanangu, tusije tukatenganishwa. Leo nikisema ukweli, karatasi zetu za kuingia Marekani zitakuwaje? Sijui. Naogopa.

Carol akaandika jina langu. "Umeona? Kazi rahisi."

Rahisi!

Alipoondoka tu, Neema akaniuliza, "Baba, na baba aliyenizaa tumwandike wapi?"

Nikafungua daftari hili. Basi namwandika hapa, pasipo na karani: Deo, kaka yangu, baba yake Neema.