Nishikie Saa

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, goti tu linanisumbua asubuhi, likipata moto linaacha. Wewe je, kile kikohozi kimeisha? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu shemeji yako anaipekua kila jioni, lakini karatasi hana habari nazo. Majibu tuma dukani kwa mama wa vifungo, yeye atanipa.

Leo ni wiki sita tangu tumzike mama. Nimefungua sanduku lake nikaukuta ule mto mdogo wa bluu. Unaukumbuka? Baba akishampiga na kutoka zake, wewe ulikuwa unauingiza chini ya shati uwe tumbo la baba, unazunguka chumbani umekunja uso, "Nani kahamisha kiatu changu?" Na mama anacheka huku ameshika mbavu, anakwambia, "Acha, Kasuku, zinauma." Hata siku aliyovunjwa jino alicheka. Kwetu kipigo kilikuwa hakijaisha mpaka wewe ukigeuze kichekesho.

Basi nami nina cha kukupa. Shemeji yako kanunua saa mpya, ya mkanda wa dhahabu ya bandia. Juzi nilichelewesha chakula kwa sababu nilikuwa namalizia kushona sare za shule. Alipofunga bucha na kuingia ndani akakuta jiko baridi. Akasimama katikati ya chumba, nikajua. Kabla hajaanza akavua saa, akanipa. "Nishikie saa," akasema, "isije ikakwaruzika." Nikapigwa huku nimeinua mkono juu kama mtu anayesimamisha gari, saa isiguswe. Alipomaliza akaipokea, akaitazama, akasema, "Dakika nne tu."

Ningekuwa na mtu wa kucheka naye ningecheka.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, sasa kazi ndiyo inataka kunimaliza. Pale televisheni tunakaa waandishi sita kwenye meza moja, chumba hakina dirisha. Kila mtu anasoma kichekesho chake kwa sauti, na Mkuu wetu anahesabu kwa vidole. Kidole cha tatu kikifika hakuna aliyecheka, karatasi inakwenda kwenye pipa. Za kwangu zimekwenda pipani wiki tatu mfululizo. Mwisho wa msimu wawili watapigwa kalamu, na wenzangu wameshaanza kunipisha mlangoni kama mgonjwa.

Jumatatu sikuwa na kitu. Nikasimama, nikamwigiza shemeji. Nilivua saa, nikampa mwenzangu, nikamwinua mkono. Mkuu hakufika hata kidole cha pili. Alicheka mpaka miwani ikaanguka chini ya meza, tukaitafuta wote. Sasa tuna mtu mpya kwenye kipindi, anaitwa Bwana Kishoka, fundi seremala, na mkewe. Usihofu, jina si lake, kazi si yake, hakuna atakayejua.

Niandikie mengine, Dada. Mchekeshaji wa kweli pale nyumbani ulikuwa wewe, mimi nilikuwa nabeba mto tu.

Mdogo wako, Kasuku


14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na hongera. Tumekiangalia kipindi, mimi nimekaa kwenye kigoda, shemeji yako kwenye kiti chake. Bwana Kishoka alipovua ile saa niliutazama mlango. Lakini yeye alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema, "Huyo mwanamume ana akili, anatunza vitu vyake." Hakujiona hata kidogo. Wewe anaamini bado unabeba waya kule televisheni, nami nimemwacha hivyo hivyo.

Umeniomba mengine. Hili ni la Jumamosi. Mwalimu wa shule ya hapa alirudisha mguu wa mbuzi bucha, anasema unanuka. Shemeji yako akaona amedhalilishwa mbele ya foleni nzima, akaubeba begani hadi nyumbani, akanikuta napiga pasi. Hakutafuta fimbo. Nilipigwa kwa ule mguu, mgongoni na kichwani, mpaka nyama ikaachana na mfupa. Jicho limevimba. Watu wengine hupigwa teke na mbuzi aliye hai, mimi nimepigwa teke na mbuzi marehemu.

Jioni akaniambia niuchemshe, usiharibike.

Mama angeipenda hiyo.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa ufupi, hapa hatupumui. "Nishikie saa" imekuwa wimbo. Makondakta wanaisema, watoto wanaisema, jana nimeona imeandikwa kwenye fulana. Mkuu amenipa meza yangu mwenyewe, tena ya dirishani. Aliyekuwa akinipisha mlangoni sasa ananiletea chai.

Mbuzi marehemu anatoka Jumapili. Mezani walilia kwa kicheko. Angalia, halafu niambie.

Mdogo wako


30 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu yako haipatikani. Umenichukia, au mama wa vifungo amesafiri? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Utaniwia radhi kwa mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye plasta ya pili, ulivunjika mahali pawili ukaunga vibaya.

Nitakueleza ilivyokuwa. Ule mguu wa mbuzi foleni nzima iliuona ukitoka bucha begani, na kesho yake foleni hiyo hiyo ikaliona jicho langu. Jumapili walipomwona Bwana Kishoka anaingia kwake na mguu wa mbuzi, mtaa mzima ukajumlisha. Jumatatu mteja wa kwanza akasema, "Nipe nusu kilo, halafu nishikie saa." Wakacheka. Wa pili akamwita Bwana Kishoka. Hadi saa sita watoto walikuwa wanaimba mlangoni.

Akafunga bucha, akaja. Safari hii hakuvua saa. Alikuja na kisu cha kukatia mifupa, akakigeuza, akanipiga kwa upande usio na makali. Kila pigo aliuliza, "Unamwambia nani?" Nilikinga kichwa kwa mkono, ndiyo maana ukavunjika mkono. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Sikukutaja.

Mama wa vifungo ndiye aliyenipeleka hospitali, na sasa nalala kwake, nyuma ya duka. Daktari kaniuliza nimeanguka wapi. Nikamwambia, kwenye ndoa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mtoe yule mtu kwenye televisheni. Kila wanapomwita jina lile ananitafuta mimi. Juzi alipiga teke mlango wa huyu mama mpaka bawaba ikang'oka. Ataniua, mdogo wangu.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nakiri jambo. Mbuzi marehemu nilimcheka kabla sijakumbuka kwamba aliyepigwa ni wewe. Tulivyolelewa, ukiniletea kichekesho nilidhani yamekwisha.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamwambia Kishoka aondoke. Akataka kujua kwa nini. Nikamsomea barua yako mezani, wote wakisikia, nikidhani wataona aibu. Waliona, mpaka pale kwa daktari. "Kwenye ndoa" ikawaangusha. Mkuu akaniomba msamaha huku ameshaiandika kwenye karatasi. Nilipaza sauti, Dada, nakuapia. Mwisho akakubali Kishoka afe, ila msimu ukimalizika. Zimebaki wiki tano, na mkataba wangu mpya unasainiwa wiki ya sita.

Vumilia wiki tano. Usitoke kwa huyo mama. Halafu nitakuja kukuchukua.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kutoka wodini. Taya limefungwa waya, siongei, ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

Wiki zako tano zilitimia Ijumaa, nikiwa tayari hapa. Lakini nyuma ya duka la watu mtu hawezi kukaa anakula tu, na cherehani yangu ilikuwa kwake, ufunguo anao yeye. Nikafikiri sana. Nikachagua saa nne asubuhi, bucha ikiwa imejaa, nikijua mbele ya watu hatathubutu.

Nililokuwa sijui ni kwamba amebadilika. Alipoona hawachoki kumwita Kishoka, jina hilo akaligeuza biashara. Mteja akiingia, anavua saa, "Nishikie saa nikukatie nyama," na wao wanaipokea wakicheka. Foleni imekuwa mara mbili.

Nikasimama mlangoni na plasta yangu. Nikasema, "Baba, nimefuata cherehani." Akanitazama. Akafuta mikono kwenye aproni. Akavua saa taratibu, akanipa, mbele ya wote. Watu wakapiga makofi. Nyuma mmoja akasema, "Mke mwenyewe huyo, leo tumepata kipindi cha bure."

Nilijua, mdogo wangu. Katika watu wote mle tulijua wawili tu. Nikasema, "Jamani, si mchezo." Mwanamke mwenye kapu akacheka, akamwambia mwenzake, "Anaigiza vizuri kumshinda yule wa televisheni." Pigo la kwanza lilinitoa meno matatu, na wakacheka. Nilipoanguka kwenye damu ya ng'ombe, mtu mwingine akauliza, "Umeangukia wapi, mama?" na foleni ikamjibu kwa pamoja, "Kwenye ndoa."

Walinyamaza baadaye. Sijui ni baada ya muda gani. Yule mwalimu wa mguu wa mbuzi ndiye aliyeruka kaunta.

Amekamatwa. Saa imechukuliwa na polisi.

Dada yako


12 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sikumsomea mtu barua yako.

Nimeacha kazi. Sikusaini. Mkuu amesema hakuna shida, karatasi zote ni mali yao, na kwa kuwa watu wanampenda Kishoka, hatakufa. Msimu ujao wataandika bila mimi. Nilitamani kumpiga, nikaona mkono wangu umeshainuka, nikaushusha. Ulikuwa mkono wa baba kabisa.

Nimejaribu kukuandikia samahani na kila nikiandika inatoka kama maneno ya mtu mwingine. Niruhusu nije. Nitakaa hata nje ya wodi.

Mdogo wako


8 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mama wa vifungo anasema umetoka hospitali, na barua zangu unazo. Niambie nije au nisije. Nitatii.

Mdogo wako


9 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Waya za taya zimetolewa, nakula vitu laini. Jicho la kushoto halitarudi, wamesema wazi.

Kesi imekwisha jana. Hakimu aliniambia nieleze ilivyokuwa. Nikaanza nilivyozoea: "Mheshimiwa, nilikwenda kudai cherehani moja, nikaacha na meno matatu juu." Watu wakacheka. Karani akaficha mdomo kwa faili. Nikamtazama mume wangu kizimbani, naye alikuwa anatabasamu, ametulia kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake nyumbani.

Hapo nikaelewa jambo lililonichukua miaka kumi na moja ya ndoa. Aliyekuwa akimsafisha ni mimi. Yeye anapiga, mimi nachekesha, na jioni inakuwa hakuna aliyepigwa. Nadhani mama naye alimfanyia baba hivyo hivyo, na sisi tukamsaidia.

Nikanyamaza. Hakimu akasema, "Endelea, mama." Nikasema, "Alinipiga ngumi mdomoni. Nikaanguka. Akanikanyaga uso. Akachukua ndoano ya kutundikia nyama, akanipiga nayo jichoni. Watu walikuwa wanacheka." Nikakaa. Yalikuwa maneno machache, sikujua kama yatatosha. Yule mwanamke wa kapu alitoka nje, na mume wangu aliacha kutabasamu.

Amefungwa miaka tisa. Sikufurahi. Nilirudi nikalala mpaka mchana wa leo.

Umeuliza uje au usije. Sikukujibu kwa sababu nimekukasirikia, si kwa ile saa, maana ile nilikupa mwenyewe. Ni kwa zile wiki tano. Uliziomba huku unajua. Hasira hiyo bado ninayo. Mama wa vifungo ananiambia nikusamehe, nimemwambia auze vifungo vyake. Lakini hapa duniani hakuna mwingine anayekumbuka mama alivyokuwa anacheka, na sitaki kubaki na kumbukumbu hiyo peke yangu. Njoo. Usilete zawadi, na daftari lako liache huko.

Nimepanga chumba nyuma ya zahanati, mlango wa kijani. Ukifika usigonge. Mlango ukigongwa huwa najikuta chini ya meza kabla sijajua aliyegonga ni nani, na siku moja nilikaa huko mpaka mama wa vifungo akaondoka zake. Pita dirishani, upande wa jicho langu zima, usimame, nikuone kwanza.

Hilo sijaliandika ili ucheke.

Dada yako