Mama Mkwe Amekalia Mtambo na Siwezi Kumwinua

Mpendwa Shangazi Mshauri, nakuomba unisaidie na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mtu mzima mwenye mke na kazi ya heshima, niko kwenye maabara tunakounda mtambo wa kuchukua hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye mabomba ya viwanda, tukaigeuza kwa umeme iwe asidi ya kuwauzia watengenezaji wa ngozi. Mtambo wenyewe ni mabamba yaliyopangwa kama vipande vya mkate, katikati pana utando mwembamba, huku hewa, huku maji, na kwa miaka miwili shida yetu ilikuwa hiyo hiyo, maji yanavuka upande wa hewa, chumvi inaganda, mtambo unakabwa roho.

Sasa siku moja nikasahau miwani nyumbani, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akaniletea, akafika hoi kwa kupanda ngazi, akauona mtambo una mfuniko mpana wa plastiki uliolala sawa kama kigoda, akaketi. Shangazi, wewe ungemwambia mama mkwe inuka? Mimi nikapokea miwani tu, yeye akatoa uzi wake akaanza kufuma kitambaa, nami nilipovaa miwani nikaona mshale wa kipimo unapanda tu, asidi inatoka mara mbili ya siku zote.

"Mama, uko sawa hapo?" nikamuuliza.

"Niko sawa, baba. Tena pana kijoto kizuri."

Kesho yake nikaukalia mwenyewe, ukavuja kushoto, nikamkalisha mlinzi, ukavuja kulia na suruali yake ikatoboka, ndipo nikaelewa kwamba ni mama mkwe peke yake anayekaa katikati sawasawa bila kutikisika, nikamwomba arudi, na huu sasa ni mwezi wa tatu anakuja kila siku saa mbili asubuhi, ameleta mto wake, anafoka nikichelewesha chai. Mke wangu nimemdanganya kwamba nampeleka mama mazoezi ya mgongo. Kwenye ripoti nimeandika "kifaa cha kusawazisha mgandamizo", na mkuu wangu aliponiuliza kifaa hicho kinakula umeme kiasi gani nikajibu hakili umeme, akanipa mkono wa pongezi.

Balaa limeanza majuzi, daktari amemwambia mama apunguze uzito, ameshapungua kilo nne na asidi imepungua nayo, mezani namwongezea chakula kwa siri hadi mke wangu akasema, "Siku hizi unampenda mama kuliko mimi," na mwisho wa mwezi wanakuja wenye kiwanda wanaotaka kununua mitambo kumi. Kumi, Shangazi! Mama mkwe ninaye mmoja. Nifanye nini?

Mkwe Aliyekwama

*

Mkwe Aliyekwama,

Nimecheka, nisamehe, lakini nilipomaliza kucheka nikakasirika. Umemkalisha mama wa watu juu ya umeme na asidi, kwa miezi mitatu, kwa sababu unaona haya! Suruali ya mlinzi imetoboka na bado hukushtuka? Haya gani hiyo inayokuzuia kumwambia mama inuka lakini haikuzuii kumwita kifaa?

Nakuelewa, hata hivyo. Miaka miwili ya kushindwa inamlegeza mtu akili, na ukipata kitu kinachofanya kazi unaogopa hata kukiuliza kwa nini. Sasa kiulize. Dada yangu hutengeneza pampu za maji, nikamsomea barua yako, akasema kabla sijafika nusu: "Mabamba yake hayajabanwa sawasawa. Huyo mama ameyabana kwa uzito wake." Ndiyo hivyo, baba. Palipolegea ndipo maji yanapopenya. Aliyeboresha mtambo wenu ni mama mkwe, wewe ulishika miwani.

Kwa hiyo, kuanzia leo hakalii tena. Chonga bamba nene la chuma la kulalia juu ya mfuniko wote, toboa matundu pembe zote, tia bolti, na ukaze kidogo kidogo, hii kisha ile iliyo mkabala wake, kwa spana yenye kipimo, mpaka mshale ufike pale alipoufikisha yeye. Uzito wake wa kabla hajapungua, ndio wa kukadiria mkazo wa bolti, muulize mwenyewe, kwa adabu, na umweleze unauulizia nini. Na kile chakula cha siri ukikome! Mama ameambiwa apungue, mwache apungue.

Kisha nenda kwa mkuu wako na ripoti mpya yenye jina la mama, jina lake kamili, si "kifaa". Akikufokea, fokewa. Ni afadhali akufokee yeye leo kuliko wenye kiwanda wafungue mlango wamkute mama anafuma.

Limebaki la mkeo, na hapo sina spana. Mwambie wewe, kwa kinywa chako, na usimtume mama. Jibu hili nimekutangulizia kwa posta, gazeti lenye barua yako linatoka Jumamosi, na anwani uliyoandika kwenye bahasha naifahamu: mkeo aliwahi kuniandikia kuhusu wewe. Alichosema sikwambii. Ila hunisoma kila Jumamosi, na leo ni Jumanne.