Ng'ombe wa Mama Kwenye Mkanda

Jumapili, Mbalibali. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa sita, na sasa jua limetoka kama halina habari. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la Mama, miguu imejaa tope, vidole bado vinanuka kahawa. Ninaandika kwa simu hapa hapa, maana nikisubiri nifike Mugumu nitaanza kuyapamba.

Leo najivuna.

Nimelelewa nisijisifu, na kawaida naweza. Leo nimeshindwa.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita ukurasa huu: naitwa Robi, nina studio ndogo ya picha mjini Mugumu. Pasipoti, harusi, mahafali. Hizo ndizo zinanilisha. Lakini Mzee Shabani, fundi picha aliyeniachia studio aliporudi kwao Tanga, aliniachia pia sanduku la bati, na ndani yake kulikuwa na kamera ya zamani ya sinema pamoja na mashine yake ya kuoneshea. Kamera yenyewe inajazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Haina betri, haina kioo cha kukuonesha ulichopiga, na haishiki sauti. Unazungusha ufunguo, unabonyeza, inanguruma nusu dakika, kisha inakata pumzi.

Mkanda nilipewa na mpiga picha wa wanyama aliyepita studio akielekea mbugani. Ulikuwa umembakia kwenye kazi yake. Mkanda mmoja, mweusi na mweupe, usiofika dakika tatu. Akaniambia nikapige twiga. Hapa kwetu mtu akisikia kamera anafikiria mnyama wa porini, wala simlaumu. Wanakuja kutoka mbali kumpiga simba aliyelala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kumpiga ng'ombe wa mama yangu.

Ng'ombe huyo anaitwa Kitenge. Ni mweusi, ana mabaka meupe mwili mzima, paji jeupe, na pembe ya kushoto imepinda kwa mbele kama imechoka. Baba alipofariki, ni maziwa yake yaliyomsomesha mdogo wangu Marwa. Mama humwita jioni kutoka mlangoni mwa zizi kwa sauti ndefu inayopanda mwishoni, na Kitenge huinua kichwa popote alipo, akageuka, akaja. Ng'ombe wengine hufukuzwa kwa fimbo. Yeye huitwa.

Mwezi uliopita wazee wa Nyanungu walikuja kukagua ng'ombe wa mahari, kwa sababu Marwa anamuoa binti wa huko, Bhoke. Walizunguka zizi polepole bila kusema, kama wanavyofanya. Mmoja akanyoosha fimbo yake.

"Na yule mwenye mabaka."

Marwa akamwangalia Mama. Mimi nikaangalia chini. Mama akasema, "Mchukueni. Siwezi kumficha ng'ombe mzuri halafu nitegemee mkwe mzuri."

Jioni ile alikamua bila kuimba. Mama huimba akikamua.

Nikatoa simu ili nimpige Kitenge video, angalau Mama abaki nayo. Mama hakugeuka hata kuniangalia.

"Hiyo simu yako iweke huko. Ilishammeza baba yako."

Niseme ukweli, maana sijawahi kuuandika hapa. Mwaka wake wa mwisho nilimrekodi Baba akiwa shambani, akicheka, akinitania kwamba mshahara wangu ni wa kubonyeza vitufe. Nilikuwa naye mle kwenye simu, sauti na kila kitu. Nikawa nasema nitahamisha kesho. Memori ikafa. Mafundi watatu wameishika, na Baba hakutoka. Mama hakunilaumu siku ile wala siku zilizofuata, na kwa sababu hakunilaumu, nilidhani amesahau.

Hakuwa amesahau.

Basi nikamwambia nina kamera nyingine, ya kizamani, isiyo na memori. Picha inakaa kwenye mkanda, unaishika kwa mkono. Akaniuliza, "Nitaiona kwa macho?" Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Nilikuwa sijawahi kusafisha mkanda wa sinema kwa dawa ili picha itoke, hata siku moja.

Kuna kingine nilichomficha. Nusu ya mkanda ule nilikuwa nimeshaitumia Mugumu, najifanya msanii. Nilipiga kivuli cha ngazi. Nilipiga ndala zangu. Nilipiga bodaboda zinapita kwenye vumbi, nikaona nimefanya jambo kubwa. Kwa hiyo Ijumaa, siku moja kabla Kitenge hajaondoka, nilifika Mbalibali na dakika moja na kidogo tu, na Mama akiwa ameshavaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe.

Mara ya kwanza Mama aliita, Kitenge akaanza kuinua kichwa, na kamera ikakata. Nilikuwa sijazungusha ufunguo hadi mwisho. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na mimi najiita fundi.

Mara ya pili Kitenge hakujali kabisa. Alikuwa na nyasi mbele yake, na mtu wa kumweleza kwamba kesho anaondoka hakuwepo.

Kabla ya mara ya tatu niliangalia mshale wa kuhesabu mkanda uliobaki. Ulikuwa umelalia sifuri. Nilizungusha ufunguo hadi ukagoma. Nikamwambia Mama aite nikinyoosha mkono. Akaita. Kitenge akainua kichwa, akageuka, akaanza kuja, na papo hapo mlio wa kamera ukabadilika, ukawa mwepesi. Mkanda umekwisha. Mlio huweza kuchelewa: uliisha kabla hajageuka au baada? Sikujua. Mama akauliza, "Umemshika?" Nikasema nimemshika.

Kesho yake Kitenge aliondoka pamoja na wenzake kwenda Nyanungu. Mama alimsindikiza hadi njia panda.

Nilikaa na ule mkanda siku kumi bila kuugusa. Niliogopa, sina neno jingine. Mwisho nikampigia Mzee Shabani. Akacheka sana, akaniambia, "Mwanangu, dawa za dukani zilipokuwa adimu, sisi twalisafishia kahawa. Wewe waogopa nini?" Akanitajia vitu vitatu: kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia, vidonge vya vitamini C. Dawa ya kukazia picha ilikuwepo bado mle sandukuni. Mwenye duka aliponiona na kahawa na magadi aliniuliza napika makande ya wapi.

Jumanne mchana niliziba mlango wa stoo kwa mablanketi mawili, nikakata kipande cha urefu wa kiganja kutoka upande wa zile bodaboda zangu, nikakijaribu. Kikatoka hafifu, kama kimepigwa kwenye ukungu. Nikaongeza magadi, nikakata kingine. Kikatoka vizuri. Ndipo nikautumbukiza mkanda wote kwenye ndoo, gizani, nikiugeuzageuza kwa mikono kama mtu anayefua soksi, nikihesabu kwa sauti. Harufu yake usiulize.

Nikautoa kwenye mwanga. Nikautafuta mwisho wake. Picha ndogo kuliko ukucha. Nikaona zizi. Nikaona kilemba cha Mama. Nikaona kichwa cha ng'ombe, kwenye picha moja kipo chini, na mbele kidogo kipo juu. Nikaketi sakafuni pale pale, nikalia, nikaanika mkanda kwenye kamba ya nguo.

Leo saa kumi nimeuonesha. Sebuleni kwa Mama kuna dirisha moja. Marwa alilifunika blanketi, nikatundika shuka ukutani, umeme ulikuwepo, Mungu ashukuriwe. Tulikuwa wanne: Mama, Marwa, Bhoke ambaye sasa ana wiki moja nyumbani kwetu na bado anatembea kwa kunyata, na mimi nyuma ya mashine.

Nilisahau jambo moja. Nilichosafisha ni picha iliyogeuka. Cheupe kinaonekana cheusi, na cheusi kinaonekana cheupe. Studio tunajua hivyo, tumezoea. Mama hajazoea.

Ndala zangu zilipita. Bodaboda zikapita, waendeshaji nyuso nyeupe na meno meusi, Marwa akacheka mpaka akakohoa. Kisha likaja zizi, na ndani yake ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi.

Mama akainama mbele. Kisha akasema, "Huyu si Kitenge."

Nikamweleza rangi zimegeuka. Akasema tena, bila hasira, "Kitenge ana paji jeupe. Huyu paji lake jeusi. Umeniletea ng'ombe wa watu." Mkanda ukafika mwisho, ukawa unapigapiga kwenye mashine, tap tap tap, na mimi nimesimama na lile joto la aibu shingoni. Mara ya pili, nikajisemea. Mara ya pili nampotezea.

Aliyeongea ni Bhoke. Tangu afike sijamsikia akisema maneno matano mbele ya Mama.

"Ni yeye, Mama. Angalia pembe ya kushoto. Nimemkamua kule nyumbani kabla sijaja huku. Mguu wa nyuma anautupa nje anapogeuka, hivi." Akaonesha kwa mkono wake.

Mama akamtazama yule msichana muda mrefu. Akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi karibu yake. Akaniambia, "Rudisha."

Nikaurudisha mkanda mwanzo. Safari hii hakuna aliyecheka bodaboda. Likaja zizi. Mara ya kwanza, kamera ikakata. Mara ya pili, Kitenge na nyasi zake. Mara ya tatu, Mama wa kwenye shuka, uso mweupe na kilemba cheusi, akafungua mdomo bila sauti. Na Mama wa kwenye mkeka, pembeni ya Bhoke, akaita. Ile sauti ndefu inayopanda mwishoni.

Kitenge akainua kichwa. Akageuka. Mguu wa nyuma akautupa nje. Akapiga hatua nne kuja kwetu, nimezihesabu, kisha mkanda ukaisha.

Mama aliniambia nirudishe mara tano. Mara zote aliita pale pale, na mara zote Kitenge alimsikia. Mara ya tano Bhoke aliita pamoja naye, kwa sauti ndogo.

Najivuna kwa hatua nne. Nimepiga harusi nyingi kwa kamera za kisasa, na hakuna kazi yangu nyingine ninayoweza kuisema hivi kifua mbele.

Sasa jambo la mwisho, na wasomaji wangu mnisamehe. Niliwaahidi kuiweka sinema hii hapa. Mpango ulikuwa nikitoka hapa niutume mkanda Dar, wauhamishie kwenye kompyuta, urudi, muuone. Nilipoanza kuuzungushia karatasi, Mama akauliza naupeleka wapi. Nikamweleza.

Akauchukua mikononi mwangu taratibu, akaenda chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku lake, lile lenye koti la Baba. Akarudi anafuta mikono kwenye kanga.

"Huyu haondoki," akasema.

Sikubishana naye. Kesho asubuhi narudi Mugumu na mikono mitupu, na mashine ya kuoneshea nimeiacha hapa.